Mbio Ndizo Hukatwa Kwanza

Desemba 2008 wakulima wa Bariadi, wilaya iliyokuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga, walikuwa mashambani wakipanda pamba. Wanunuzi wa msimu uliotangulia walikuwa wanauguza hasara. Pamba nyuzi iliyouzwa karibu senti 80 za Marekani kwa ratili mapema mwaka huo ilikuwa imeporomoka hadi senti 55 hivi kufikia Novemba, na marobota yaliyonunuliwa kwa bei ya matumaini yalikuwa hayauziki. Tarehe 5 Desemba, mjini Tokyo, rais wa Honda, Takeo Fukui, alitangaza kwamba kampuni yake inajitoa Formula One. Tarehe 15 Suzuki ikaaga mashindano ya dunia ya rali baada ya msimu mmoja tu kamili. Kesho yake Subaru nayo ikaaga.

Mnunuzi wa pamba na fundi wa timu ya Subaru hawakujuana, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Wote wawili walikumbwa na wimbi lililoanzia New York pale benki ya Lehman Brothers ilipofilisika katikati ya Septemba.

Wa pamba walipata mtetezi. Juni 2009, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 wa kuunusuru uchumi, na ndani yake mlikuwa na fungu la kufidia hasara za wanunuzi wa pamba na kahawa. Watu wa mbio za magari hawakufidiwa na serikali yoyote, na kwa haki kabisa. Zao linalolisha na kusomesha watoto Maswa, Meatu na Itilima haliwezi kupangwa foleni moja na gari linalozunguka barabara ya lami kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa. Lakini namna mbio zinavyokatwa ina somo kwa watu wa Simiyu, mkoa wa wilaya hizo leo, ambao michezo yao mingi nayo husubiri mdhamini.

Uamuzi wenyewe mara nyingi hutoka kati ya Oktoba na Januari, bodi inapopitisha bajeti ya mwaka unaofuata. Mezani panakuwa na viwanda vya kuendesha, madeni ya kulipa, injini mpya isiyoweza kuahirishwa kwa sababu sheria za moshi zinabadilika. Halafu kuna timu ya mbio: watu mia kadhaa, wengi wa mkataba, mara nyingi wakiwa nchi nyingine kabisa. Timu ya Honda ilikuwa Brackley, Uingereza. Kuifunga hakusimamishi gari hata moja kutoka kiwandani Japani. Na kuna aibu ya kisiasa, ambayo huenda ni nzito kuliko fedha. Januari 2012 Peugeot ilifuta ghafla timu yake ya mbio za masafa marefu, ile iliyoshinda Le Mans mwaka 2009. Julai mwaka huohuo kampuni mama ikatangaza kufunga kiwanda cha Aulnay, karibu na Paris, na kupunguza ajira 8,000. Fikiria mfanyakazi aliyepewa barua ya kuachishwa kazi anawasha televisheni Jumamosi na kumwona mwajiri wake akiteketeza matairi.

Orodha ya mtikisiko ule wa 2008 na 2009 ni ndefu. Januari 2009 Kawasaki ilijitoa MotoGP. Februari Mitsubishi ikaacha Dakar, mbio ilizokuwa imezishinda mara 12. Julai BMW ikatangaza kuondoka Formula One, na Novemba ikawa zamu ya Toyota, iliyokuwa imeshiriki misimu minane bila ushindi hata mmoja. Porsche ilikuwa tayari imesitisha gari lake la RS Spyder kule Marekani, na Audi ikapunguza ratiba yake hukohuko.

Je, waliokata walijuta? Hapa washabiki hupenda kutoa jibu la haraka, nalo si sahihi. Mwaka 2008 Subaru iliuza Marekani magari 187,699. Mwaka 2009, bila rali ya dunia na soko zima likiwa hoi, iliuza 216,652. Kampuni iliyotoa mabingwa watatu wa dunia, Colin McRae, Richard Burns na Petter Solberg, ilibaini kwamba mnunuzi wake wa Marekani alitaka gari linalosukumwa na magurudumu yote manne la kupitia theluji, na wala hakuuliza habari za McRae. Mpaka leo haijarudi katika rali ya dunia.

Honda ni hadithi nyingine. Timu waliyoikimbia ilichukuliwa na mkuu wake, Ross Brawn, kwa bei ya jina tu ya pauni moja. Gari ambalo Honda yenyewe ilikuwa imegharamia kuliunda likatwaa ubingwa wa dunia 2009, wa dereva na wa timu. Mwishoni mwa mwaka Mercedes ikainunua, na kuanzia 2014 hadi 2021 timu hiyohiyo ya Brackley ikachukua mataji ya watengenezaji manane mfululizo. Waliolipa gharama hawakula matunda. Hata hivyo ni vigumu kuwalaumu wakurugenzi wa Honda, kwani Desemba ile hakuna aliyejua kama kampuni za magari zenyewe zingefika Juni. General Motors haikufika salama. Iliomba ulinzi wa mufilisi tarehe 1 Juni 2009.

Afrika Mashariki inaijua kadhia hii kwa njia yake. Mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha Coronation Safari. Yalikuwa mashindano ya wakazi. Walichukua magari ya kawaida, yaleyale yanayouzwa madukani, wakayaingiza katika barabara za vumbi na tope za nchi tatu. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na 1973 yakaingia katika msimu wa kwanza kabisa wa ubingwa wa dunia wa rali.

Kwa karibu miaka ishirini wageni kutoka ng'ambo walikuja na kushindwa. Mwaka 1963 ni magari saba tu yaliyomaliza kati ya 84 yaliyoanza. Mwaka 1968 yalimaliza saba tena, safari hii kati ya 93. Mvua za Aprili zilikuwa mwamuzi. Anayetaka kuelewa kwa nini magari yaliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa Ulaya yalikwama asisome kitabu cha uhandisi. Ajaribu kupita na gari dogo katika mbuga za Meatu siku ya pili ya masika. Udongo mweusi wa mfinyanzi ambao Wasukuma huuita mbuga, unaonata kwenye gurudumu mpaka linaacha kuzunguka, ni ndugu wa ule uliowazika madereva hodari wa Sweden na Uingereza. Mkazi aliujua. Alijua mahali pa kuzunguka, wakati wa kusubiri, na nani wa kumwita asukume.

Tanzania ilikuwa na bingwa wake katika enzi hiyo. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi nchini, akiwa na Chris Rothwell, alishinda Safari mwaka 1966 na akarudia 1967, mara zote kwa Peugeot 404. Peugeot ilishinda na 404 tena mwaka 1968 na ilikuwa imeshinda nayo 1963. Hapo ndipo hoja ya kwamba mbio huuza magari ilipokuwa na ukweli. Gari lililoshinda lilifanana na lile la wakala, na barabara iliyoshindaniwa ilikuwa ileile ambayo mnunuzi angepita kesho yake. Mwenye duka wa wakati huo hakuhitaji tangazo. Peugeot na Datsun zilijijengea jina ukanda huu kwa kupita mahali ambapo nyingine zilibaki.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa Volvo. Mwaka 1964 kiwanda kilileta timu kamili ya magari ya PV544, nayo yakaharibika. Wazungu wa kiwanda wakarudi kwao. Gari moja likabaki Kenya, likanunuliwa na fundi wa Nairobi, Joginder Singh, Singasinga aliyekuwa akiendesha gereji. Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia na gari hilo lililochoka na wakashinda Safari nzima. Joginder angeshinda mara mbili zaidi, 1974 na 1976, kwa Mitsubishi. Lakini ushindi wa 1965 una uzito wa pekee, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimeondoka na kilichobaki, chuma na mikono inayokijua, kilitosha.

Baadaye fedha za viwanda zilikuja kwa wingi. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliwajibu kwa niaba ya wenyeji kwa kushinda mara tano, mwaka 1973 kisha minne mfululizo kuanzia 1979, lakini hata yeye alikuwa akiendesha magari ya Datsun yenye mkono wa kiwanda. Zikaja helikopta za kuangalia barabara kutoka juu, zikaja karakana zinazotembea, na magari yakaanza kuundwa kwa ajili ya Safari peke yake: bamba la kuzuia wanyama mbele, bomba la hewa lililoinuliwa kwa ajili ya kuvuka maji, chesisi iliyoimarishwa. Mwaka 1993 Toyota ilishika nafasi nne za juu. Lilikuwa tamasha la kupendeza. Lilikuwa pia deni lililokuwa likikua, kwa kuwa kila timu ililazimika kuunda gari ambalo lingetumika wiki moja tu kwa mwaka.

Tanzania na Uganda zilikuwa zimekwisha kutoka katika ramani ya Safari katika miaka ya 1970, muongo ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, mwaka 1977. Kenya ikabaki peke yake. Mwaka 2002 Colin McRae alishinda kwa Ford Focus, na huo ukawa mwisho wa Safari katika ubingwa wa dunia kwa miaka 19. Fedha za kuandaa hazikutosha, na timu za viwanda hazikulia sana kuondolewa mbio zilizokuwa zikizigharimu kuliko nyingine zote.

Wengi waliandika tanzia. Ilikuwa mapema. Wakenya waliendelea na Safari yao ndogo, ikidhaminiwa na benki ya nyumbani, KCB, na madereva wao wenyewe wakiendesha Subaru na Mitsubishi Lancer Evolution. Mwaka 2003, mwaka uleule ambao dunia iliikosa Safari, yalianza mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, ambayo kwa nyakati mbalimbali yamevuka na kuingia Tanzania. Humo washiriki wengi hulipa wenyewe, na magari mengi ni Porsche 911 za zamani. Kuna kichekesho ndani yake: Porsche ilijaribu Safari halisi ikashika nafasi ya pili mwaka 1972, ikashika ya pili 1974 nyuma ya Joginder, ikashika ya pili tena 1978, na haikushinda kamwe. Ilichoshindwa kiwanda kimekuwa burudani ya wastaafu wenye pesa.

Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yakiwa Naivasha, baada ya corona kuifuta ile ya 2020. Iliyoirudisha ni Serikali ya Kenya, si kiwanda. Toyota imetawala tangu hapo. Mwaka 2022 na 2023 ilishika nafasi zote nne za juu. Lakini muulize mwenye Toyota Probox pale stendi ya Bariadi kwa nini alinunua gari hilo. Atasema spea zinapatikana, fundi analijua, na likichakaa bado lina mnunuzi. Naivasha haimo katika jibu lake. Gari la rali la leo halifanani na chochote kilichoko barabarani, na kwa hiyo ule uzi wa zamani uliounganisha ushindi na duka, uzi uliompa mkurugenzi wa kiwanda sababu ya kutetea bajeti ya mbio, umekatika.

Kiwanda kikiondoka, pigo haliishii kwa timu yake. Linashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa dereva wa Morogoro au Iringa anayeshiriki mashindano ya taifa. Huyu kwa miaka mingi alitegemea Subaru Impreza na Lancer Evolution zilizotumika, zilizoshuka bei baada ya kuchakaa Ulaya. Mitsubishi ilijiondoa katika rali ya dunia mwishoni mwa 2005 na hatimaye ikaacha kabisa kutengeneza Evolution mwaka 2016. Gari likishaacha kutengenezwa, kibali chake cha mashindano ya kimataifa kinaanza kuhesabiwa miaka, na mtu anaweza kutafuta giaboksi moja katika mabara mawili. Mwenye uwezo anahamia kwenye Ford Fiesta au Skoda Fabia mpya zaidi kwa bei ya nyumba kadhaa. Asiye na uwezo anakuwa mtazamaji.

Na mzunguko umeanza upya. Oktoba 2025 Porsche ilitangaza kwamba gari lake la daraja la juu halitaendelea katika mbio za dunia za masafa marefu baada ya msimu ule, ingawa litabaki katika ligi ya Marekani. Hii ni kampuni iliyoshinda Le Mans mara 19. Sababu si fumbo: mwaka 2021 iliuza China magari 95,671, na mwaka 2024 yakashuka hadi 56,887. Lamborghini ilikuwa tayari imetangaza kulipumzisha gari lake. Mchina mmoja wa Shanghai anapochagua gari la umeme la nyumbani kwao, fundi wa mbio anapoteza kibarua Ujerumani.

Simiyu haina timu ya rali. Ina baiskeli. Mkoa huu ulioanzishwa rasmi 2012, wenye pamba nyingi kuliko mkoa mwingine wowote nchini, una vijana waliokomaa miguu kwa kubeba pamba, maji na abiria. Mbio za baiskeli ni mchezo wa kweli Usukumani, na tamasha la Simiyu Jambo lililokuwa likifanyika Bariadi liliupa jukwaa. Lami inayotoka Lamadi kupitia Bariadi hadi Maswa na Mwigumbi imewapa pia uwanja mrefu ambao wazazi wao hawakuwa nao. Kinachowasumbua ni kilekile kilichoisumbua Safari: mashindano yanasimama juu ya barua ya mdhamini. Barua ikija kuna jukwaa, fulana na zawadi. Barua isipokuja, kimya.

Kulalamika kwamba wadhamini hawana moyo ni kupoteza pumzi. Msukuma anaelewa hili bila kufundishwa, maana Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma, hukutana kushindana ngoma baada ya mavuno, na ghala likiwa tupu hakuna anayetegemea mbina, yaani ngoma, kubwa. Kampuni nayo ina mavuno yake na kiangazi chake. Mwaka 2019, bei elekezi ya pamba ilipokuwa shilingi 1,200 kwa kilo huku soko la dunia likishuka, wanunuzi walishindwa kulipa na wakulima wakakaa miezi wakidai. Kama mnunuzi mwenye leseni na mkataba anaweza kuchelewesha fedha ya pamba iliyokwisha kupimwa kwenye mizani ya chama cha ushirika (AMCOS), itakuwaje ahadi ya fulana na kombe?

Wenye kuweza kufanya jambo ni maofisa michezo wa wilaya tano na viongozi wa vyama vya baiskeli. Wanapokaa na mdhamini, wazungumze kwanza habari za vitakavyobaki, ndipo waje kwenye zawadi za mshindi. Badala ya milioni kadhaa zinazotolewa jukwaani na kuisha jioni ileile, waombe baiskeli 20 za mashindano zimilikiwe na chama cha mkoa, saa za kupimia muda, mafunzo ya waamuzi na watoa huduma ya kwanza, na fundi mmoja Bariadi na mwingine Mwanhuzi, Meatu, waliofundishwa kutengeneza gia na breki za baiskeli hizo. Vyama vya ushirika navyo viombwe mchango mdogo msimu wa ununuzi unapofunguliwa, japo shilingi chache kwa tani, kwa idhini ya wanachama wenyewe katika mkutano mkuu na kwa hesabu zinazobandikwa ukutani. Hautatosha kuleta wageni kutoka nje ya nchi. Unatosha kuandaa mbio za Lamadi hadi Bariadi mwaka ambao hakuna kampuni iliyojibu barua.

Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kila mwaka karibu na Mei. Mikutano ya kuandaa jambo hili ifanyike kabla ya hapo, wakati kila mwanachama bado anakumbuka kilo alizopeleka mwaka uliopita na lini alilipwa.